Ndege Niliyoipungia Kitenge

Nikishuka Mkiwa siku ya kuuza kuku, vijana wa bodaboda hunipokea kwa maneno yale yale. "Dada wa ndege huyo! Leo unatushushia nini, treni?" Wanacheka, wanagombania mzigo wangu. Nami hucheka kidogo ili yaishe. Lakini ndani nachemka. Nimechemka hivyo tangu mwaka ule, na ndiyo maana nimeamua kuandika, ingawa shule niliiacha kidato cha pili na mwandiko wangu haujawahi kusifiwa na mtu.

Inasemwa kwamba nilimwokoa rubani. Kuna video yake, watu wameitazama hadi Dodoma. Kwenye video nimesimama pembeni ya ndege iliyozamisha pua kwenye udongo, nimeshika kitenge, na rubani anasema Mungu alimwekea malaika shambani. Malaika huyo ni mimi. Hakuna aliyeniuliza neno. Ningeulizwa, ningesema hivi: sikumwonyesha pa kutua. Nilikuwa namwonyesha kwelea.

Baba alikufa kiangazi, mama akamfuata kabla mvua hazijaanza. Tulibaki watatu: mimi niliyekuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la saba, na kitinda mimba wetu, msichana wa miaka minane aliyekuwa bado analala na gauni la mama chini ya kichwa. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani. Baba mdogo, mdogo wake baba, ni mfugaji wa upande wa Itigi na hapendi maneno marefu. Alitugawa pale pale kama mtu anayegawa ndama. Kijana aende kwake akachunge. Kitinda mimba aende kwa shangazi Manyoni. Mimi ni mtu mzima, nitafute mume. Nyumba ifungwe.

Nikasema hapana. Watu waliinua vichwa, maana kwetu binti hamjibu baba mdogo mbele ya wageni.

"Hapana nini?" akauliza.

"Shikamoo baba, lakini hapana. Watoto hawaondoki hapa. Nipeni msimu mmoja."

"Watoto hawalelewi kwa machozi. Wanalelewa kwa chakula."

"Nitalima."

Akainua fimbo yake na kuielekeza kwenye kihenge cha nafaka kilichosimama karibu na jiko, kile cha fito ambacho baba alikisuka mwenyewe. Kilikuwa kitupu, kuku walikuwa wanatagia ndani. "Kaka yangu alikuwa akikijaza hicho kila mwaka," akasema. "Ukikijaza, watoto ni wako. Kisipojaa, nakuja na gari."

Ukoo wote ulisikia. Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa nilikuwa nalima nini mwaka ule. Wengine walikuwa wanalima uwele. Mimi nilikuwa nalima wadogo zangu.

Tulilima ekari mbili kwa jembe la mkono, asubuhi kabla hawajaenda shule na jioni wakirudi. Mvua haikutunyima. Kufika mwezi wa tano uwele ulikuwa umenipita kichwa, masuke yamejaa hadi yanainama, na majirani wakipita wanasimama kuangalia. Mdogo wangu alianza kuwafukuza kuku kwenye kihenge na kukipaka udongo upya. Hapo ndipo kwelea walipofika.

Mtu asiyewajua kwelea ataona nawasingizia ndege wadogo kama kidole gumba. Mmoja mmoja si kitu. Lakini hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama moshi, wanageuka pamoja, wanashuka pamoja, na wakiinuka suke ulilolitegemea limebaki ufagio. Dawa ya mkulima ni kuamia. Unajenga ulingo wa miti katikati ya shamba, unapanda juu yake alfajiri, na kazi yako hadi giza ni kupiga kelele, kuvuta kamba zilizofungwa mikebe na kurusha udongo kwa kombeo. Huli ukiwa umetulia. Huendi hata kujisaidia kabla mwenzako hajapanda. Koo langu mwezi ule lilikuwa la mwanamume.

Tuliahidiwa ndege na watu wa kilimo. Kila mwenye shamba aliandikisha jina, tukaambiwa ndege ndogo ya kupulizia dawa itapita, tuvumilie. Tukafundishwa pia la kufanya ikija: funika maji ya kunywa, fungia kuku na mbuzi, watoto waingie ndani, na mwenye shamba apunge kitambaa upande wa kichaka wanacholala kwelea, rubani akione. Mimi nilikuwa na kitenge chekundu cha mama. Nilikifunga kwenye mti wa ulingo na kila asubuhi nilikigusa. Wiki ikapita. Wiki ya pili ikapita. Kwelea walikuwa wanalala kwenye migunga mwisho kabisa wa shamba langu, maelfu kwa maelfu, na mimi nikiwa na kitenge changu kama mtu anayesubiri harusi.

Basi ilikuwa saa kumi alasiri niliposikia injini.

Ilitokea upande wa jua, ndogo, nyeupe, na ilikuwa chini. Mdogo wangu alikuwa anavuta mikebe upande wa barabara. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwake. "Dada, imekuja! Imekuja!"

"Mwambie mdogo wako afunike maji!"

Kitinda mimba hakuhitaji kuambiwa. Nilimwona anakimbia uani, anatupa gunia juu ya pipa, anafukuza kuku kuingia ndani, anaingia nao na kuvuta mlango. Alifanya kila kitu kama tulivyofundishwa. Alikaa mle na kuku kwa zaidi ya saa nzima, amejiziba pua kwa gauni la mama, akisubiri dawa.

Mimi nilifungua kitenge nikapunga. Injini ilikuwa inakohoa, na nilisikia kwamba inakohoa. Inanguruma, inakatika, inanguruma tena, kama pikipiki iliyotiwa petroli mbaya. Lakini nilijuaje ndege ya dawa inalia vipi? Nilidhani ndivyo inavyopunguza mwendo. Ilikuwa imeshaanza kuelekea mbuga iliyo ng'ambo ya shamba, kule hakuna kitu, ni nyasi tupu, na moyo wangu ukapiga kwa hofu kwamba inatupita, inakwenda kwa wengine. Nikapanda kwenye ukingo wa ulingo, nikashika mti kwa mkono mmoja, nikapunga kwa nguvu zangu zote, nikipiga kelele: "Huku! Huku kwetu!"

Ikageuka. Ikaelekeza uso kwangu.

Nasema ukweli, sijawahi kufurahi hivyo tangu mama afariki. Nilifurahi kwa muda wa pumzi tatu hivi. Kisha nikagundua kwamba sisikii injini tena, nasikia upepo tu ukipita kwenye mabawa, na pangaboi la mbele limesimama naliona kama fimbo. Nikaruka kutoka ulingoni bila kutafuta ngazi.

Magurudumu yaligusa uwele mwanzo wa shamba, upande ambao masuke yalikuwa makubwa kuliko yote. Sauti ilikuwa kama ya watu mia wanaofyeka kwa pamoja. Ilichana shamba moja kwa moja, ikavunja ulingo mguu mmoja, ikapindisha bawa, ikazamisha pua kwenye tuta hatua kumi kutoka nilipolala kifudifudi. Kisha kimya. Halafu kwelea wote waliokuwa kwenye migunga wakainuka kwa mara moja, wakazunguka juu yetu, na wakashuka upande wa pili wa shamba kuendelea kula.

Mlango wa ndege ukafunguka. Akatoka mwanamume wa makamo, Mtanzania mwenzetu, shati zuri, damu kidogo kwenye paji la uso. Akasimama kwenye mabua yangu yaliyolala, ananitazama.

Na mimi nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu.

Hilo shikamoo linaniuma hadi leo. Mtu ameniangukia shambani, ameniua mimi na wadogo zangu, na mdomo wangu wenyewe unamwamkia kwa sababu amenizidi umri. Mdogo wangu alipofika mbio alimwamkia pia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

 Nilimkalisha kivulini chini ya ulingo uliopinda, nikampa uji uliokuwa kwenye kibuyu, nikamfunga paji kwa kipande cha kanga. Kwa vile alikuwa bado na woga, maneno yalimtoka bila kuchujwa. Aliniambia kwamba mafuta ameyatia asubuhi kutoka kwenye pipa, kwenye kiwanja cha vumbi cha rafiki yake. Kwamba kila rubani kabla ya kuruka huchota mafuta kidogo chini ya tangi, kwenye kikombe cha kioo, akayatazama, kwa sababu maji yakiwemo yanakaa chini na unayaona. "Kitu cha dakika mbili," akasema. "Leo nilikuwa na haraka. Nilikuwa nawahi mkutano." Akanywa uji. "Nilikuwa naelekea ile mbuga. Ndipo nikakuona unapunga. Nikasema, yule ni mwenyeji, anajua udongo, ananionyesha pazuri."

 Nilikuwa natazama njia aliyoikata, na kwa mbali namsikia kitinda mimba akigonga mlango kwa ndani, anauliza kama dawa imeisha.

Hapo ningeweza kumsamehe. Niandike hivyo, maana ni kweli. Mtu amekaribia kufa, anakunywa uji wako, anakuambia kosa lake bila kuulizwa, huyo unamsamehe. Njia yenyewe haikuwa hata robo ya shamba. Lakini hata jua halijazama, watu walikuwa wameshafika. Walikuja kwa bodaboda kutoka Ikungi, kutoka Singida mjini, wengine kutoka Unyambwa na watoto mgongoni. Hawakupita kwenye njia iliyokatwa na ndege. Kwa nini wapite hapo? Walipita kila mahali, kila mtu akitafuta upande wake wa kupiga picha. Mama mmoja alinibandikia mtoto wake mikononi nimshikie apande kwenye bawa. Muuza karanga aliweka sinia lake juu ya masuke yangu. Niliwaambia, "Jamani, huu ni uwele, unakanyagwa." Wakanijibu, "Usijali dada, umekuwa maarufu."

Na hapo ndipo video ilipopigwa. Mtu alimwelekezea rubani simu akamuuliza ilikuwaje. Nilisogea nisikie. Akasema injini ilizima ghafla, bila dalili, jambo ambalo hakuna binadamu angeweza kulizuia. Akasema ni Mungu aliyemwekea malaika shambani, binti huyu jasiri. Akanishika bega. Kikombe cha kioo hakukitaja. Saa moja tu ilikuwa imepita tangu anywe uji wangu.

Kesho yake polisi wakafunga kamba kuzunguka shamba lote. Tuliambiwa asiingie mtu mpaka wataalamu wa ajali wafike, kwa sababu vipande vya ndege vimetawanyika na kila alama kwenye udongo inatakiwa kupimwa. Wakamweka mgambo mmoja alinde, kijana wa kijiji cha jirani. Jana yake watu mia tatu walikuwa wamekanyaga kila alama, na hakuna aliyesema kitu. Sasa mimi mwenye shamba nilisimama nje ya kamba na kombeo mkononi, nikiwatazama kwelea wakishuka. Asubuhi wakashuka. Jioni wakashuka. Ukirusha udongo kutoka nje haufiki katikati. Mikebe ilikuwa imekatwa na bawa. Siku ya pili vilevile. Mdogo wangu alikaa chini, akaficha uso kwenye magoti, akauliza bila kunitazama, "Itigi kuna shule karibu na kwa baba mdogo?"

Siku ya tatu, alfajiri, niliinua kamba nikapita chini yake.

"Dada, rudi," mgambo akasema. "Humu ni eneo la uchunguzi."

"Humu ni shambani kwangu."

"Nimeambiwa asiingie kiumbe."

"Na hao?" Nikamwonyesha kwelea. "Hao umewapa kibali?"

"Dada, usinifanyie hivyo. Nitafukuzwa kazi."

"Basi wakamate wao kwanza, ndio walioanza kuingia. Ila uombe karandinga kubwa, moja halitoshi."

Alitaka kucheka akajizuia. Nikapanda ulingo uliopinda, ukalia chini yangu, nikaanza kupiga kelele. Mdogo wangu akaingia nyuma yangu na debe bovu na mwiko.  Mgambo akageuza mgongo akakaa akitazama barabara. "Mimi macho yangu yako huku," akasema kwa sauti, kama anamwambia mtu mwingine. "Sijaona kitu." Mchana alituletea maji.

Wataalamu walifika siku ya tano. Walikuwa watu wa heshima, walipima, waliandika, hawakunigombeza. Kisha lori likaja kuchukua ndege, nalo likapita kwenye uwele likiingia, likapita kwingine likitoka.

Tukavuna kilichobaki. Tulikata, tukaanika, tukapura, tukapepeta. Tulimwaga kwenye kihenge debe baada ya debe, na kitinda mimba alikuwa anachungulia juu ya ngazi kutuambia umefika wapi. Ulifika kwenye mkanda wa pili wa fito. Ipo mitano. Mwaka mzima wa kazi, na nyumba yote ya baba yangu ilikuwa kwenye ile mikanda mitatu iliyobaki mitupu.

Nikifikiria kipindi kile, hasira yangu haikuwa kwamba uwele umepotea. Uwele hupotea, tumezaliwa tunaliona hilo. Hasira ilikuwa kwamba baba mdogo atakuja, atapiga kihenge kwa fimbo, kitalia kitupu, na atasema nilichokitegemea aseme: msichana ameshindwa. Watu wangekuwa na video ya malaika. Ukoo ungekuwa na kihenge.

Kwetu kuna utaratibu. Ng'ombe wa mtu wakiingia kwenye shamba la mwenzake, mwenye ng'ombe hatumi mtu. Anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, na anazunguka shamba lote akiwa na mwenye shamba, wazee wakifuata nyuma. Wakizunguka anasema kwa mdomo wake ng'ombe waliingiaje. Mwenye shamba naye anaulizwa kama aliacha ua wazi, na anajibu. Wakirudi walipoanzia, wazee wanalihesabu lile shamba kama lilivyokuwa limesimama kabla ya ng'ombe, na baada ya hapo hakuna mtu atakayemwambia mwenye shamba kwamba alikuwa mvivu. Nimemwona baba akizunguka mara mbili, mara moja kama mwenye shamba na mara moja kama mwenye ng'ombe.

Rubani alikuwa ameandika namba yake kwenye daftari la mdogo wangu. Nikampigia.

"Malaika wangu!" akasema. "Hamjambo huko?"

"Shikamoo. Nakuomba uje tuzunguke shamba." Nikamweleza. Akasikiliza.

"Sikiliza binti, mimi niko na safari nyingi. Nikutumie kitu kidogo, mnunue unga?"

"Sitaki kutumiwa kitu. Nataka miguu yako."

Akacheka, kisha akaona kwamba sicheki. "Na hayo ya kusema, ripoti bado inaandikwa. Siwezi kusema chochote kuhusu injini."

"Mimi ulishaniambia. Sasa njoo umwambie baba mdogo."

Akakata. Nikampigia wiki iliyofuata, akasema yuko kwenye kikao. Mara ya tatu sikumwamkia. Ndiyo mara pekee maishani mwangu nimeongea na mtu mzima bila kumwamkia. Nikasema tu: "Baba mdogo anakuja Jumamosi kuwachukua wadogo zangu, kwa sababu kihenge hakijajaa. Uji wangu uliunywa." Nikakata mimi.

Jumamosi baba mdogo alikuja na gari kama alivyosema, na wazee wawili wa ukoo. Alipiga kihenge kwa fimbo. Kilinguruma chini, juu kikalia ngoma. Hakuuliza kitu. Akamwambia mdogo wangu akafunge nguo zake. Kitinda mimba akaingia ndani na kujifungia, safari hii bila kuku.

Nikaenda kusimama kwenye mlango wa gari. Nilikuwa nimesimama hapo nusu saa, tunabishana, yeye kwa Kinyaturu na mimi kwa Kinyaturu na Kiswahili, machozi yananitoka ya hasira tu, ndipo gari jingine likasimama barabarani. Akashuka rubani, amevaa raba nyeupe.

Sikumshukuru. Niliwaambia wazee, "Mwenye ng'ombe amefika," nikatangulia.

Tulianza kwenye kona ya barabara. Miiba ilimshika suruali, raba zikawa nyekundu kwa vumbi. Tulipofika alipogusa kwanza, baba mdogo akasema, "Sema."

"Injini ilizima ghafla..."

"Endelea," nikasema.

Akatembea hatua kama ishirini. "Mafuta yalikuwa na maji."

"Yaliingiaje?" baba mdogo akauliza.

"Yalikuwemo tangu kwenye pipa. Nilitakiwa kuyakagua kabla ya kuruka." Akafuta uso. "Sikukagua."

"Ni kazi ya muda gani, hiyo ya kukagua?"

"Dakika mbili, mzee."

Baba mdogo akasimama. "Mimi ng'ombe nikimpeleka mnadani namshika kwato moja moja, na yeye anatembea chini. Wewe unakwenda juu huko, huangalii?" Mmoja wa wazee akaguna. Mdogo wangu, aliyekuwa anatufuata na furushi lake kwapani, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata vijana wa bodaboda Mkiwa wanatikisa chupa kwanza kabla ya kutia petroli. Hakuna aliyemkemea.

Tukazunguka. Nikaonyesha walipopita watu, walipofunga kamba, walipokula kwelea siku zile mbili. Rubani alikuwa anasema "ndiyo" kila mahali. Tulipokaribia ulingo, baba mdogo akanigeukia mimi.

"Na wewe? Ua ulikuwa wazi?"

Nilijua swali hilo linakuja. Ningeweza kusema hapana. Kila mtu alikuwa ameona video. Ningebaki malaika, na nani angebisha? Lakini nilikuwa nimemburuta mtu kutoka mbali aje aseme kosa lake, na utaratibu hauzunguki upande mmoja.

"Niliipungia kitenge," nikasema. "Ilikuwa inakwenda mbugani. Mimi ndiye niliyeiita."

Rubani akanitazama. Alikuwa hajui hadi dakika ile kwamba sikuwa namwonyesha pa kutua.

"Kwa nini uliipungia?" baba mdogo akauliza.

"Tuliahidiwa ndege ya dawa. Nilikuwa na kwelea migungani, nina watoto wawili, na sikuwa na mtu mwingine wa kumpungia."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nadhani nilimpigia kelele baba mdogo. Nadhani nilikuwa namwambia na yeye, aliyekaa Itigi msimu mzima akisubiri kusikia kihenge kinaliaje.

 Tukamaliza kona ya mwisho. Kisha baba mdogo akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akarudi peke yake hadi mwanzo wa shamba, akaanza kulihesabu kwa hatua, mabua yakivunjika chini ya viatu vyake, akiinama hapa na pale kuokota suke tupu na kulitazama lilikuwa na urefu gani. Alichukua muda mrefu. Aliporudi aliongea na wazee pembeni, akaja akasimama mbele yangu.

"Lingekijaza kihenge," akasema. "Na kingemwagika."

Akamwambia mdogo wangu arudishe nguo ndani. "Watabaki," akasema. "Mpaka mavuno mengine. Halafu tutaangalia tena kihenge." Akapanda gari.

Mpaka mavuno mengine. Watu wakiisimulia habari hii hufikia hapo na kusema iliisha vizuri. Mwanamume mmoja alitembea kuzunguka shamba langu akiwa na raba nyeupe, na kwa hilo nilipewa mwaka mmoja wa kuishi na ndugu zangu wa tumbo moja, ambao walikuwa wangu tangu mwanzo. Mwaka uliofuata nikaomba mwingine kwa jembe. Na mwingine. Wote wako hapa. Mdogo wangu ana ndevu, kitinda mimba amenizidi darasa.

Ndege ya dawa haijaja. Ndege nyingine hupita, za watu wanaowahi mikutano yao. Ikipita mwezi wa tano huwa niko juu ya ulingo, na kitinda mimba akiwa chini huniita kwa utani, "Dada, ipungie hiyo!" Mimi hukivuta kitenge cha mama kutoka kwenye mti, nakikunja, nakikalia. Nikishasikia injini imefika mbali, na bado inanguruma sawasawa, ndipo naokota kombeo.